Sura ya Sita: Urefu wa Flo Hyman

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Houston, Texas, kilimpa ufadhili wa michezo msichana wa California aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka ishirini. Hakukuwa na mwanamke aliyewahi kupewa ufadhili wa namna hiyo chuoni hapo. Wanaume walikuwa wakiupata kwa miaka mingi. Miaka kumi nyuma, chuo hicho kilimchukua Elvin Hayes kutoka Louisiana, miongoni mwa Weusi wa kwanza kuichezea Houston, na Januari 1968 Hayes akaiongoza timu ya mpira wa kikapu kuishinda timu ya chuo cha UCLA mbele ya watu zaidi ya elfu hamsini waliojazana uwanja wa Astrodome. Msichana wa 1974 hakuwa na Astrodome. Mchezo wake ulikuwa mpira wa wavu, na ulichezwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa chuo. Jina lake Flora Jean Hyman, lakini wote walimwita Flo. Urefu wake ulikuwa futi sita na inchi tano, yaani sentimita 196.

Msomaji atadhani mara moja kwamba walioziba njia ya wasichana wa aina yake walikuwa wanaume. Wanaume wana sehemu yao ya lawama, wala si ndogo. Ila kuhusu ufadhili, komeo lilitiwa na wanawake wenyewe. Michezo ya wanawake vyuoni Marekani ilisimamiwa na chama kilichojulikana kwa herufi AIAW, kilichoundwa mwaka 1971 na walimu wa kike wa elimu ya michezo. Walimu hao walikuwa wameshuhudia jinsi michezo ya wanaume ilivyooza: vijana wananunuliwa kwa bahasha, wanasukumwa wafaulu mitihani wasiyoifanya, wakiumia goti wanatupwa. Wakaapa mabinti zao hawatapita njia hiyo. Kwa hiyo chuo chochote kilichompa mwanamke ufadhili kwa sababu ya kipaji cha michezo kilizuiwa kushiriki mashindano ya AIAW.

Nia yao ilikuwa njema, na nikisoma habari za vyuo vya leo nashawishika kusema waliona mbali. Lakini matokeo yake yalikuwa haya: mtoto wa wakili aliweza kucheza tenisi chuoni kwa fedha za baba yake, na mtoto wa mfagizi alibaki kwao. Mwaka 1973 wachezaji wa tenisi wa vyuo viwili vya Florida, pamoja na makocha wao, wakaenda mahakamani kulalamika kwamba katazo hilo linawabagua. Mwaka mmoja kabla, Juni 1972, Rais Nixon alikuwa ametia saini sheria iliyokuja kuitwa Title IX, maneno thelathini na saba tu ya Kiingereza, ikisema hakuna atakayebaguliwa kwa jinsia yake katika masomo yanayopokea fedha za serikali kuu. AIAW wakaona kesi hiyo hawaiwezi. Wakalegeza kanuni. Mwaka uliofuata Flo Hyman alikuwa Houston.

Alikulia Inglewood, pembeni ya Los Angeles, wa pili katika watoto wanane. Baba alikuwa mfagizi katika shirika la reli, mama alikuwa na mgahawa wake. Akiwa na miaka kumi na miwili Flo alikuwa ameshafika futi sita. Mtu yeyote aliyewahi kuwa msichana mrefu kuliko mwalimu wake, au aliyemlea mmoja, anajua maisha hayo: kukunja mabega, kusimama nyuma kabisa kwenye picha, kutafuta viatu vya kiume. Flo mwenyewe alikiri baadaye kwamba urefu ulimtia haya. Nyumbani lakini hapakuwa na mtu wa kumcheka, maana mama yake naye alikuwa mrefu, na watu wake walimhimiza asimame wima.

Mpira wa wavu aliuanzia ufukweni, akicheza wawili wawili na dada yake. Huo ulikuwa mchezo wa vijana wa Kizungu wa pwani ya California, walioota jua mchana kutwa na kusubiri zamu ya kucheza. Shuleni Morningside alicheza, kisha akajiunga na El Camino, chuo cha karibu na nyumbani, kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo Ruth Nelson, kocha wa Houston, alipomchukua.

Nini hasa alichokiona kocha huyo? Tuusogelee wavu. Kwa wanawake wavu husimama mita 2.24 kutoka sakafuni. Mtu wa sentimita 196 mwenye mikono mirefu akisimama tu, nyayo zote mbili chini, akanyoosha mkono, kiganja kizima kimeshapita juu ya wavu. Hajaruka bado. Sasa seta ananyanyua mpira kando ya wavu, juu, na mpira unaning'inia kwa nukta chache. Flo yuko nyuma, anakuja kwa hatua tatu, ya mwisho ndefu na nzito. Mikono yote miwili imetupwa nyuma, magoti yamekunjwa, kisha kila kitu kinapanda kwa pamoja. Angani mkono wa kushoto unauelekea mpira kama anayeuonyesha kwa kidole, wa kulia umerudi nyuma ya sikio. Bega linaanza, kiwiko kinafuata, kiganja kinamalizia juu ya mpira. Wazuiaji wawili wameruka kumzibia na mikono yao imesimama ukuta. Haiwasaidii kitu. Mchezaji wa kawaida hupiga smashi akitafuta mwanya kando ya ukuta huo. Flo alipiga kutoka juu yake, kuelekea chini, na mpira ukaanguka ndani ya mita tatu ambako hakuna aliyekuwa amesimama. Pigo hilo likapewa jina lake, Flying Clutchman, na waliokaa upande wa pili wa wavu walilipa heshima yake.

Basi huo ndio urefu, na kila mtu aliuona. Kilichochelewa kuonekana ni upungufu wake. Siku hizo hapakuwa na libero, yule mchezaji wa ulinzi mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye leo anaingia badala ya warefu wakizunguka kwenda nyuma. Nafasi hiyo ilianza mwaka 1998 katika mashindano ya kimataifa. Mshambuliaji mrefu alilazimika, zamu yake ikifika, kurudi nyuma na kuokota mipira ya warefu wa upande wa pili. Flo hakupenda kuanguka. Kutoka kimo kile hadi sakafuni ni safari, na viwiko na nyonga ndivyo vinavyotangulia kufika. Wapinzani wenye akili walisubiri azunguke nyuma, kisha wakampigia mipira ya chini, mbele kidogo ya vidole vya miguu.

Na hesabu ya pointi nayo ilikuwa nyingine. Seti ilikwisha kwa pointi 15, na timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi. Ukipiga smashi ya kuvunja mbavu wakati wenzako hawana sevu, ulichovuna ni haki ya kusevu tu, ubao hausogei. Kwa hiyo takwimu za enzi ile hazisemi mengi kuhusu mshambuliaji, na anayetaka kumlinganisha Flo na mabinti wa vyuo wa leo kwa namba atapoteza muda wake. Kilichoandikwa kinatosha: misimu mitatu Houston, na misimu yote mitatu, 1974 hadi 1976, akatajwa katika orodha ya All-American, wale wanaohesabiwa bora kuliko wote katika vyuo vya nchi nzima. Timu yake ilimaliza mara mbili ndani ya tano bora za taifa.

Nasema kinatosha, lakini najua kwamba kwa macho ya leo ni kidogo. Hakuna taji la NCAA katika wasifu wake wa chuo. Haliwezi kuwepo. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo chenye fedha na televisheni, hakikuandaa ubingwa wa wavu kwa wanawake mpaka mwaka 1981, ambapo chuo cha USC kiliishinda UCLA katika fainali. Muda si mrefu AIAW ikafa, na kumbukumbu zake nyingi zikawekwa pembeni pamoja nayo. Katika orodha nyingi za wachezaji bora wa vyuo, historia inaanzia mwaka ambao wanaume walikubali kuihesabu. Flo alicheza kabla ya hapo, ndiyo maana mara nyingi maisha yake ya chuo yanapitiwa kwa sentensi moja kabla mwandishi hajakimbilia Olimpiki. Mimi naona hiyo sentensi moja ndiyo yenye mambo. Bila hati ya ufadhili ya Houston, msichana wa mfagizi wa reli angebaki hadithi ya ufukweni: yule dada mrefu aliyekuwa akicheza hapa jioni.

Afrika Mashariki nayo iliifahamu njia hiyo ya ufadhili, na miaka hiyo hiyo. Mkimbiaji wa Kenya, Henry Rono, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika msimu mmoja. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo cha El Paso, huko huko Texas. Vijana wa kiume kutoka Nandi na Mara walivushwa bahari kwa tiketi ya kukimbia, wakati ambapo binti mzaliwa wa Marekani alikuwa ndiyo kwanza anaruhusiwa kupewa tiketi hiyo ndani ya nchi yake mwenyewe. Tukiwasimulia akina Rono, na tuwasimulie kwa fahari, tukumbuke kwamba mlango waliopitia kwa muda mrefu ulikuwa wa jinsia moja.

Mwaka 1975 chama cha mpira wa wavu cha Marekani kilianzisha kambi ya kudumu ya timu ya taifa ya wanawake. Kabla ya hapo timu ilikusanywa wiki chache kabla ya mashindano, ikapigwa, ikatawanyika. Kambi ikawekwa Pasadena, mji wa viwanda vya mafuta uliopakana na Houston, na ukocha akapewa Arie Selinger. Huyu alizaliwa Poland, akiwa mtoto alinusurika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen, akakulia Israel. Hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba mazoezi yanauma.

Selinger alimtazama Flo na kuona kile ambacho wapinzani walikuwa wamekiona: mshambuliaji wa kutisha mbele, mlango wazi nyuma. Akamrudisha kwenye sakafu. Kuanguka mbele kwa kifua, kuanguka ubavu, kubingirika na kuinuka, tena, tena, mpaka mwili uache kujadiliana na kichwa. Flo alieleza baadaye kwamba ilimbidi ajifunze kutofautisha maumivu ya kugonga sakafu na maumivu ya kuvunjika mfupa, maana kichwa chake kilikuwa kikiyahesabu kuwa kitu kimoja. Akajifunza. Kwenye Kombe la Dunia la 1981 kule Japani aliyetajwa katika kikosi cha sita bora wa mashindano alikuwa Flo yule yule aliyewahi kuogopa sakafu.

Lakini kambi na chuo haviendi pamoja. Timu ilifanya mazoezi kutwa, mwaka mzima, ikasafiri. Baada ya misimu mitatu Flo akaiacha Houston bila kumaliza mwaka wa mwisho. Alisema shule unaweza kurudi hata ukiwa na miaka sitini; ujana na mchezo huu havirudi. Wapo waliomlaumu, na katika familia nyingi ninazozijua angelaumiwa kwa sauti kubwa zaidi: mtoto wa kwanza kupewa nafasi halafu anaitupa! Nami nauelewa upande huo. Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake ya kumpokea. Hapakuwa na mshahara kambini. Alichokuwa akikifuata ni medali ya Olimpiki ambayo wanawake wa Marekani hawakuwahi kuigusa, na timu ambayo ilikuwa haijafuzu Olimpiki ya 1972 wala ya 1976. Ni kamari. Ila tusisahau kwamba ufadhili wenyewe ulitolewa kwa ajili ya mchezo. Chuo kilimwita Texas kwa sababu ya mkono wake wa kulia, kisha watu wakashangaa alipouamini mkono huo kuliko cheti.

Mwaka 1978 Marekani ikamaliza ya tano katika mashindano ya dunia. Mwaka 1980 ikafuzu kwenda Moscow, na safari hii waliotajwa kuwania medali walikuwa wao. Kisha Rais Carter akaisusia Olimpiki kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Miaka mitano ya kubingirika sakafuni ikaishia kwenye hotuba ya rais.

Watanzania hawahitaji kuelezwa uchungu wa aina hii. Mwaka 1976 dunia ilisubiri Filbert Bayi na John Walker wa New Zealand wakutane Montreal katika mita 1500, na hawakukutana, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilisusa kupinga safari ya timu ya raga ya New Zealand kwa makaburu wa Afrika Kusini. Bayi angalau alikwenda Moscow miaka minne baadaye na kurudi na medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji, Nyambui naye akarudi na fedha ya mita 5000. Wanariadha wa Kenya walikosa zote mbili. Ninaona sababu ya Montreal ilikuwa na uzito kuliko ya Moscow, na wapo watakaonibishia. Kwa mchezaji aliyekuwa kileleni mwaka huo, uzito wa sababu haubadilishi kitu: miguu haisubiri siasa.

Wengi wangeacha. Flo alikuwa na miaka ishirini na sita na digrii haipo. Alibaki. Mwaka 1982 kule Peru Marekani ikachukua nafasi ya tatu duniani, na mwaka 1984 Olimpiki ikaja nyumbani kwake kabisa, Los Angeles, mechi za wavu zikipigwa Long Beach, mwendo mfupi kwa gari kutoka Inglewood. Alitimiza miaka thelathini michezo ikiwa inaendelea. Katika makundi Marekani iliishinda China seti tatu kwa moja. Wakakutana tena kwenye fainali tarehe 7 Agosti. China ilikuwa na Lang Ping, mshambuliaji ambaye Wachina walimpa jina la Nyundo ya Chuma. Seti ya kwanza ilikwenda mpaka 16 kwa 14 kwa China, na baada ya hapo timu ya Selinger ikavunjika: 15 kwa 3, 15 kwa 9. Fedha. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Marekani katika mchezo huo. Lang Ping, kwa taarifa yenu, alikuja kuifundisha timu hiyo hiyo ya Marekani na kuipa fedha nyingine mwaka 2008, tena mjini Beijing. Dunia ya wavu ni ndogo.

Mwaka huo huo wa 1984, Februari, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya chuo kimoja kidogo kiitwacho Grove City. Majaji walisema Title IX inaibana ile idara tu inayopokea fedha za serikali, si chuo kizima. Idara za michezo kwa kawaida hazipokei fedha hizo moja kwa moja. Kwa lugha nyepesi, kile kilichomleta Flo Houston kilikuwa kimekatwa mzizi: chuo kingeweza tena kuwanyima wanawake ufadhili na kisivunje sheria. Flo akaenda Washington, yeye na wanamichezo wengine kama Cheryl Miller wa mpira wa kikapu, kuwashawishi wabunge watunge sheria ya kuirudisha Title IX mahali pake. Aliyewahi kumwona akiingia chumbani hakuhitaji kuambiwa huyu ni nani. Sheria ilipita Machi 1988, Bunge likiipitisha juu ya kura ya turufu ya Rais Reagan. Flo hakuiona.

Baada ya Los Angeles alikuwa amekwenda kucheza Japani, ambako timu ni za makampuni na mchezaji hulipwa. Aliichezea Daiei, kampuni ya maduka makubwa. Jioni ya tarehe 24 Januari 1986, katika mji wa Matsue, Daiei walikuwa wakicheza na Hitachi. Kocha akamtoa kwa mabadiliko ya kawaida. Flo akaketi kwenye benchi, akaendelea kuwashangilia wenzake, kisha akaporomoka. Alifariki jioni hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ile sitini ya kurudi shule alikuwa ameifikia nusu na ushee tu.

Taarifa za kwanza zilisema moyo. Familia haikuridhika, ikaomba mwili uchunguzwe upya California. Ikaonekana moyo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichopasuka ni aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini, na ulipasukia mahali padogo palipokuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Pembeni yake kulikuwa na dalili za mpasuko mwingine wa wiki chache nyuma, ulioanza kupona. Alikuwa ameshacheza akiwa na jeraha ambalo kwa kawaida linaua.

Huo ni ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896. Humpata mtu mmoja kati ya elfu tano hivi, bila kuchagua kabila wala jinsia. Kasoro iko kwenye kinasaba kinachotengeneza protini ya kushikilia tishu za mwili, ile inayoufanya mshipa utanuke na kurudi. Protini hiyo ikiwa dhaifu, mifupa hurefuka kupita kiasi, lenzi ya jicho hulegea, na aota hutanuka polepole kila moyo unapopiga mpaka siku inaposhindwa kurudi. Mgonjwa huwa mrefu. Mikono yake ikinyooshwa hupita urefu wa mwili. Vidole ni virefu, mara nyingi haoni vizuri mbali.

Soma tena orodha hiyo. Mikono mirefu, viganja vikubwa, kimo: ndizo sifa ambazo kocha anayetafuta mshambuliaji huziandika kwenye daftari lake na kuzipigia mstari. Flo alikuwa nazo zote, na macho yake pia hayakuona mbali. Kuanzia Inglewood, Houston, Pasadena hadi Japani, mwili ule ulipimwa na watu wengi: anaruka kiasi gani, anafika wapi, anapiga kwa kasi gani. Waliupima kama fundi anavyopima mbao. Swali la kwa nini umekuwa hivyo halikumjia mtu.

Nitajibiwa kwamba zamani hawakujua. Walijua. Aprili 1976, wakati Flo yuko Houston, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Chris Patton, alianguka akicheza na kufa, na ugonjwa ulikuwa huo huo. Kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti kuuona moyo na mwanzo wa aota, kilikuwa tayari hospitalini. Upasuaji wa kubadilisha sehemu iliyotanuka ulikuwa umeshaelezwa London na daktari Hugh Bentall mwaka 1968. Kinasaba ndicho kilichosubiri hadi 1991, lakini hukihitaji ili kuona mshipa uliovimba. Kilichokosekana ni mtu wa kuoanisha msichana mrefu kupita kiasi na mashine iliyokuwa mtaa wa pili. Na Houston, niongeze, ni moja ya miji mikuu ya upasuaji wa moyo duniani. Madaktari akina DeBakey na Cooley walikuwa wakifungua vifua vya watu huko huko, miaka hiyo hiyo.

Tangu 1987 Marekani ina siku ya kila mwaka ya wasichana na wanawake katika michezo, iliyoanzishwa kwa kumbukumbu ya Flo, na kwa miaka kadhaa ilitolewa tuzo kwa jina lake. Wa kwanza kuipokea alikuwa Martina Navratilova. Ni heshima nzuri. Kwangu mimi kubwa zaidi ni moja isiyotangazwa sana. Baada ya uchunguzi wa California, ndugu zake walipimwa. Mmoja, wa kiume, alikutwa na aota iliyokwisha kutanuka. Akafanyiwa upasuaji, akapona.

Lakini mwaka 2014, tena Texas, Isaiah Austin, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Baylor, alikuwa akijiandaa kuchaguliwa na timu za NBA, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Alikuwa na futi saba na inchi moja. Jicho lake moja lilikuwa limepofuka baada ya retina kubanduka, jambo ambalo lingemshtua daktari anayeujua ugonjwa huu. Siku chache kabla ya uchaguzi akaambiwa ana Marfan. Usiku wa uchaguzi kamishna Adam Silver alimwita jukwaani kwa heshima, ukumbi mzima ukasimama. Miaka miwili baadaye madaktari walimruhusu acheze tena, akaenda Serbia. Alikuwa ameichezea Baylor misimu miwili kamili. Waliougundua ugonjwa si chuo. Ni vipimo vya NBA, vinavyofanywa kabla timu haijamlipa mtu mamilioni.